Kilekile

Saa mbili kasorobo asubuhi, mjini Todmorden,
Wilfred Ormerod anausukuma mlango wa mkahawa,
anakung'uta kofia mara mbili,
anatamka neno moja la herufi nne.
Basi. Salamu nyingine hana.
Na Bronwen, ambaye amemhudumia miaka kumi na mmoja,
anajua: chai ileile,
mkate uleule uliopakwa siagi hadi kingoni,
kiti kilekile cha dirishani,
malalamiko yaleyale juu ya mvua.

Tazama ninavyohangaika, mimi niandikaye kwa Kiswahili:
kila kitu nakishonea vazi lake,
ile, ule, kile, yale,
kufanana kwetu hubadilika kila kunapogusa jina.
Neno lao halibadiliki.
Koti moja, harusini na mazikoni.

Fundi bomba anasema ana njaa.
Mwenzake, bila kuinua macho, analitamka:
mimi pia.
Binti wa shule anatukanwa mlangoni,
analirusha nyuma ya bega:
na wewe.
Bibi Deshmukh wa duka la uzi anatakiwa heri ya mwaka,
analirudisha kwa tabasamu, herufi zilezile.
Bahasha moja hiyo hurudisha tusi,
bahasha moja hiyo hurudisha dua,
na tarishi hafungui kuangalia.

Wiki tatu Wilfred alilipokea kwa simu.
Edna yuko vipi leo?
Muuguzi alijibu kwa neno hilo:
hajapata nafuu, hajazidiwa.
Akalishukuru kama mtu anayeshukuru ukuta
kwa kuwa bado haujaanguka.
Siku ya ishirini na mbili muuguzi alitumia maneno mengine,
mengi,
ya upole.

Mazikoni watu walimshika mkono, wakalitia neno kikanushi:
mambo hayatakuwa tena yaleyale.
Kesho yake, saa mbili kasorobo,
alikung'uta kofia, akaagiza yaleyale.

Kisha kikombe kikavunjika,
cha bluu, chenye ufa mdogo karibu na mkono.
Bronwen alipanda basi hadi Halifax,
akapata kingine, bluu hiyohiyo, kiwanda hichohicho.
Wilfred alikizungusha, akapapasa kwa kidole gumba
pale ufa ulipopaswa kuwa.
"Ni kilekile," Bronwen akasema.
"Sicho," akasema Wilfred.
Wote wawili walisema kweli,
maana neno lao halimtengi mtu
na pacha wake.

Ndiyo, alikuwa na pacha.
Percy, wa ng'ambo ya mfereji.
Nyumba ya mama yao iliuzwa mwaka wa theluji nyingi,
na tangu hapo kila mmoja
huvuka barabara akimwona mwenzake,
kwa mwendo mmoja, bega la kushoto likiwa chini kidogo.

Jumanne moja ya Februari mlango ulisukumwa.
Kofia, mara mbili.
Bronwen akadhani anaota, kwa kuwa Wilfred
alikwisha kaa dirishani.
"Nikuletee nini?"
Percy hakujua kilichopo. Hakuvaa miwani.
Alielekeza kidevu upande wa dirisha,
akalitamka.

Mkahawa ulinyamaza, hata mashine ya kahawa.
Wilfred alikitazama kikombe cha bluu kisicho na ufa.
Hakuinuka. Nisiseme walikumbatiana.
Alisukuma bakuli la sukari,
shubiri moja hivi,
kuelekea kiti kitupu.

Nimeziweka herufi zile nne kwenye karatasi,
nikazisoma kwa ulimi wetu, silabi kwa silabi:
sa, me.
Imebaki pumzi moja tu, he,
na neno lingekuwa jingine kabisa.
Wao hawalijui hilo, na kamusi yao haina habari.

Percy alionja chai, akakunja uso.
"Nyepesi hii."
"Ndivyo ilivyo siku zote," Wilfred akajibu.
"Na wewe hunywa tu?"
"Hunywa tu."
Percy akavuta kiti.